THOMAS PAINE, MUTU ALIYESEMA WAZI NENO LA UHURU



Katika nambari hii tunapenda kuwaelezea maisha ya Thomas Paine. Katika somo la historia tunasikia sana jina la George Washington, juu yeye alikuwa jenerali na kisha rais wa kwanza wa Marekani. Paine hakuwa jenerali, hakuwa tajiri, wala hakusoma shule kubwa. Alikuwa mutu wa kalamu. Alifika Amerika mwisho wa mwaka 1774, akiwa na miaka 37, mugonjwa, hana kazi. Miezi 13 kisha kufika kwake alitoa kitabu kidogo, na nusu ya mwaka haijaisha makoloni 13 yaliachana na mufalme wa Uingereza.

Kwanza tueleze neno moja. Sisi hapa tukisikia neno mukoloni, tunawaza Mubeleji aliyetawala inchi yetu hata mwaka 1960. Katika habari hii neno lina maana ingine. Wakoloni wa Amerika walikuwa Wazungu, wengi wao Waingereza ao wajukuu wa Waingereza, waliovuka bahari na kukaa katika makoloni 13 ya Amerika ya Kaskazini. Wenyeji wa asili wa inchi ile walisukumwa mbali na mashamba yao, na watu weusi waliletwa kwa nguvu toka Afrika kuwa watumwa. Basi wakoloni hawa ndio waliokataa utawala wa inchi ya mababu zao. Ginsi gani watu waliojiita watoto wa mufalme walifika kumukataa? Ndilo swali tunalotaka kujibu.

1. Kuzaliwa na ujana wake

Thomas Paine alizaliwa mwaka 1737 katika muji mudogo wa Thetford, Uingereza. Baba yake alikuwa fundi wa kushona korse, ile nguo ngumu wanawake wa zamani walifunga kiunoni. Alikuwa mutu wa kanisa la Marafiki, wanaoitwa Quakers, ambao walikataa vita na hawakupenda kuinamia wakubwa. Mama alikuwa wa kanisa la Anglikana. Kijana Thomas alisoma hata karibu miaka 13, kisha baba akamutoa shuleni ili ajifunze kazi ya mukono. Hakujifunza Kilatini, na wakati ule mutu asiyejua Kilatini hakuhesabiwa kuwa mwenye elimu.

Alijaribu kazi nyingi. Mwaka 1757 alipanda merikebu ya vita. Kisha akafungua nyumba ya kushona korse, lakini biashara haikuendelea. Mwaka 1759 alioa Mary Lambert, na muda mufupi mbele bibi yule akafariki. Paine akaingia kazi ya serikali, kukusanya kodi ya pombe na vitu vingine. Mwaka 1765 alifukuzwa, kisha 1768 akarudishwa na kutumwa muji wa Lewes.

Wenzake wa kazi ile walilipwa mushahara mudogo sana. Mwaka 1772 Paine aliandika kitabu kifupi cha kuomba Bunge la London liwaongezee. Alieleza mambo kwa heshima, na alitoa sababu nzuri, lakini Bunge halikuwasikia. Mwaka 1774 alifukuzwa tena. Vitu vyake viliuzwa juu ya madeni, na yeye na bibi yake wa pili wakaachana. Tukumbuke jambo hili: mbele ya kufika Amerika, Paine alikuwa ameonja yeye mwenyewe namna ya kuomba kwa heshima na kurudishwa mikono mitupu.

Kule London alikutana na Benjamin Franklin, mukoloni mwenye sifa kubwa, ambaye alimupa barua ya kumujulisha kwa watu wa Philadelphia. Paine akapanda merikebu. Njiani homa kali ilishika wasafiri, na alipofika tarehe 30/11/1774 ilikuwa lazima wamubebe kumutoa chomboni. Alipopona alipata kazi ya kutengeneza gazeti moja la kila mwezi.

2. Wakoloni walikuwa wakitaka nini?

Mwaka 1763 Uingereza ilimaliza vita ya miaka saba na Ufaransa. Ilishinda, lakini ilibaki na deni kubwa. Bunge la London likawaza kwamba wakoloni wasaidie kulipa. Mwaka 1765 likatoa kodi ya muhuri juu ya magazeti, barua za hukumu, hata karata za kucheza. Wakoloni walikasirika. Walisema hawana mujumbe hata mumoja katika Bunge lile, basi haina haki ya kuwatoza. Kodi ile iliondolewa mwaka 1766, lakini zingine zikafuata. Tarehe 16/12/1773, watu wa Boston walitupa masanduku 342 ya chai baharini. Mwaka 1774 Uingereza ikajibu kwa kufunga bandari ya Boston.

Wajumbe wa makoloni 12 wakakutana Philadelphia mwezi wa 9 mwaka ule. Je, waliomba uhuru? Hapana. Walimuandikia mufalme George wa Tatu barua ya kuomba haki zao. Walikuwa kama watu wa kijiji wanaosema: mwami wetu ni mwema, ni wakapita wake ndio wanaotutesa. Lawama yote walitupia Bunge na mawaziri. Mufalme walimuacha pembeni.

3. Damu ya kwanza

Usiku wa kuamkia tarehe 19/4/1775, waaskari Waingereza karibu 700 walitoka Boston kwenda Concord, kuharibu bunduki na baruti wakoloni walizoficha kule. Asubuhi, katika kijiji cha Lexington, walikuta wanaume karibu 77 wamesimama na bunduki zao, wakulima na mafundi. Risasi moja ikalia. Hata leo hakuna anayejua nani aliyeipiga. Wakoloni 8 walikufa pale. Waaskari wakaendelea hata Concord, lakini wakati wa kurudi wakulima waliwapiga masasi njia yote, wakijificha nyuma ya miti na kuta za mawe. Jioni Waingereza 73 walikuwa wamekufa, na wakoloni 49. Kisha wakoloni maelfu wakazunguka muji wa Boston.

Tarehe 17/6/1775 wakapigana tena, katika vita inayoitwa Bunker Hill. Waingereza waliteka kilima, lakini waliokufa na kuumizwa kwao walipita 1.000. Kwa wakoloni walipita 400. Siku mbili mbele ya vita ile, mukutano wa wajumbe ulikuwa umemuchagua Washington kuwa jemadari.

Sasa wasomaji watawaza: kisha damu nyingi namna ile, bila shaka walitangaza uhuru mara moja. Sivyo! Mwezi wa 7 wajumbe walewale walimuandikia mufalme barua ingine ya unyenyekevu, wakimuomba alete amani. Walipiga masasi kwa waaskari wa mufalme, na palepale wakajiita watumishi waaminifu wa mufalme. Mufalme hakukubali kupokea barua ile. Tarehe 23/8/1775 alitangaza kwamba wao ni waasi. Mwezi wa 10 merikebu za vita zikachoma muji wa Falmouth kwa mizinga.

Juu ya nini walikuwa wangali wakiogopa kusema neno uhuru? Tunaona sababu ine. Ya kwanza, toka utoto walifundishwa kumuheshimu mufalme kama baba. Ya pili, biashara yao yote ilikuwa imefungwa na Uingereza. Ya tatu, Uingereza ilikuwa na merikebu za vita kuliko inchi zote. Ya ine, waliogopa kwamba bila mufalme makoloni 13 yangepigana yenyewe kwa yenyewe. Hofu hizi hazikuwa za upumbavu. Mutu mwenye nyumba, shamba na watoto hawezi kuruka mutoni bila kuona ngambo ingine.

4. Kitabu kidogo

Paine alikuwa na tumaini la kupatana hata siku ya Lexington. Habari ya damu ile ilimugeuza. Mwisho wa mwaka 1775 akaanza kuandika. Rafiki yake, daktari Benjamin Rush, alimutia moyo, lakini alimuonya aepuke neno uhuru, maana watu hawakuwa tayari kulisikia. Paine alikataa shauri lile. Alitaka hasa neno lile lisemwe mbele ya watu wote.

Kitabu kilitoka Philadelphia tarehe 10/1/1776, kwa fundi wa kuchapa Robert Bell. Kilikuwa na kurasa karibu 47 na bei yake ilikuwa shilingi mbili. Jina la mwandishi halikuonekana, juu lilikuwa jambo la hatari. Kiliitwa Common Sense, ndiyo kusema akili ya kawaida, ile kila mutu anayo. Jina lile lilitolewa na Rush.

Paine alianza na mambo ya wafalme. Wengine walilaumu mawaziri. Yeye alimugusa mwenye kiti. Alionyesha kwamba mara nyingi mufalme wa kwanza wa ukoo alikuwa mukubwa wa wanyanganyi, na kwamba ni ujinga kumupa mutoto utawala juu ya kuzaliwa tu, maana mutu mwenye akili anaweza kuzaa mupumbavu. Kisha akafungua Biblia, kitabu kilichokuwa katika karibu kila nyumba ya wakoloni. Aliwakumbusha Gideoni, aliyekataa kutawala Israeli, na onyo la Samweli kwa watu waliotaka mufalme kama mataifa mengine. Mukulima aliyesikia maneno ile hakuhitaji Kilatini. Alikuwa amesikia Samweli kanisani toka utoto.

Kisha akashika hofu za watu moja kwa moja. Uingereza ni mama yetu? Akajibu kwamba mama hachomi nyumba za watoto wake, tena wakoloni wengi walitoka inchi zingine za Ulaya. Biashara itakufa? Akasema Ulaya itanunua ngano siku zote, maana watu wa kule wanakula. Uingereza ni yenye nguvu? Akaonyesha kwamba kisiwa kidogo hakiwezi kutawala daima inchi kubwa iliyo ngambo ya bahari, ambako shauri dogo linangojea majibu miezi mingi. Tena akaeleza kwamba Ufaransa na Hispania hawawezi kuwasaidia watu wanaojiita bado raia wa Uingereza. Anayeingia katika ugomvi wa baba na mutoto anaonekana mwenye fitina. Wakijitangaza kuwa taifa, mataifa mengine yatakuwa na njia ya kuwashika mukono. Na mahali pa mufalme, wakoloni waweke sheria walizokubali wao wenyewe.

Mwishoni aliwarudisha kwa wale waliokufa. Aliuliza kama mutu aliyechomewa nyumba, ao aliyepoteza baba ao mutoto, anaweza kweli kurudi kama zamani. Hapa ndipo nguvu ya kitabu. Watu walikuwa wameona damu, lakini hawakujua waiweke katika hesabu gani. Wengine waliona ni makosa ya jemadari mumoja, wengine shida ya kupita. Paine aliwaonyesha kwamba matokeo ya Lexington yalitoka katika namna ya utawala wenyewe, na kwamba kupatana leo ni kuwaachia watoto vita ya kesho.

Kitabu kilienea upesi. Katika mwaka 1776 kilichapishwa mara 25 hivi, na kilitafsiriwa kwa Kijerumani kwa wakoloni Wajerumani wa Pennsylvania. Waliokosa kusoma walisomewa, nyumbani, katika nyumba za pombe, na kati ya waaskari. Paine mwenyewe alisema vitabu 120.000 viliuzwa katika miezi mitatu. Wenye kuchunguza historia leo wanaona hesabu ile imepita kiasi. Lakini Washington, aliyekuwa akizunguka Boston na jeshi lake, aliandika kwamba kitabu kilikuwa kikigeuza mawazo ya watu wengi.

Hatutaki kusema kwamba wote walikubali. Mukoloni mumoja tajiri, James Chalmers, alitoa kitabu cha kumupinga. Hata John Adams, aliyetaka uhuru sana, hakupenda mpango wa serikali ambao Paine alitoa. Tena mufalme mwenyewe alimusaidia Paine bila kujua. Maneno yake makali mbele ya Bunge yalifika Philadelphia wakati uleule kitabu kilitoka. Kisha ikafika habari ya sheria ya kukamata merikebu za wakoloni, na habari kwamba mufalme analipa waaskari Wajerumani kuja kupigana nao. Kila habari ilionekana kama ushuhuda wa kitabu.

Mwezi wa 4 mwaka 1776 North Carolina iliruhusu wajumbe wake kukubali uhuru. Mwezi wa 5 Virginia ikaagiza wajumbe wake waupendekeze. Tarehe 2/7/1776 mukutano wa Philadelphia ulikata shauri, na tarehe 4/7 ukapokea tangazo la uhuru ambalo Thomas Jefferson aliandika.

5. Kalamu kati ya waaskari

Paine hakuchukua faida ya kitabu. Alitaka fungu lake linunue mifuko ya mikono kwa waaskari waliokuwa katika baridi ya Canada, lakini yeye na Bell waligombana juu ya hesabu. Kisha akaingia jeshini, musaidizi wa jenerali Nathanael Greene. Mwisho wa mwaka 1776 mambo yaliharibika. Waingereza walikamata New York, jeshi la Washington likakimbia kupitia New Jersey, na waaskari wengi walingojea tu mwisho wa mwaka ili muda wao uishe warudi nyumbani.

Paine alitembea pamoja nao. Tarehe 19/12/1776 alichapisha maandiko mapya, ya kwanza katika mufululizo wa The American Crisis, maana yake taabu ya Amerika. Hakuficha kwamba jeshi limekimbia. Alieleza ginsi lilivyokimbia bila kuvunjika, na kwamba kitu cha thamani hakipatikani kwa bei rahisi. Usiku wa Noeli Washington alivuka muto Delaware kati ya barafu, na asubuhi akakamata Trenton na waaskari Wajerumani karibu 900. Mwaka 1778 Ufaransa ilifanya agano na Marekani, kama Paine alivyowaza, na mwaka 1783 Uingereza ikakubali uhuru.

6. Mambo ambayo uhuru haukumaliza

Lazima tuseme upande mwingine, zaidi sisi Waafrika. Tangazo la 1776 lilisema watu wote ni sawa, lakini watumwa weusi waliendelea kuuzwa. Paine alikuwa karani wa baraza la Pennsylvania wakati baraza lile, tarehe 1/3/1780, lilipiga sheria ya kuondoa utumwa polepole. Hata hivyo, utumwa uliisha katika Marekani yote mwaka 1865 tu, kisha vita ingine yenye damu nyingi kuliko ile ya kwanza.

Paine mwenyewe hakupumzika. Alirudi Ulaya mwaka 1787. Mwaka 1791 na 1792 alitoa Rights of Man, kitabu cha haki za watu, na serikali ya Uingereza ikamufuata kwa hukumu. Akakimbilia Ufaransa, akachaguliwa mujumbe katika mukutano mukubwa wa kule, ingawa hakusema Kifaransa vizuri. Yeye aliyekataa wafalme alisimama kuomba kwamba mufalme Louis asiuawe. Alitiwa gerezani mwisho wa mwaka 1793, akatoka mwezi wa 11 mwaka 1794.

Katika kitabu The Age of Reason, kilichotoka wakati ule, alisema anaamini Mungu mumoja, lakini alikataa Biblia, ileile aliyoitumia mwaka 1776. Pale sisi hatumufuati, lakini si haki kuficha jambo lile tukieleza maisha yake. Alirudi Marekani mwaka 1802 na kukuta rafiki wengi wamemugeuzia mugongo. Alifariki New York tarehe 8/6/1809. Kanisa la Marafiki lilikataa azikwe katika makaburi yao, na watu wachache sana walimusindikiza. Mwaka 1819 Mwingereza mumoja, William Cobbett, alichimba mifupa yake kuipeleka Uingereza, na kule ikapotea. Leo mutu aliyesaidia taifa zima kuzaliwa hana kaburi.

7. Sisi tunajifunza nini?

Ndugu wanafunzi, mara nyingi tunawaza kwamba kuandika vizuri ni kutia maneno makubwa ili mwalimu ashangae. Paine alitumia maneno ya fundi na mukulima, juu hao ndio waliopaswa kukata shauri. Tena hakucheka hofu zao. Alizitaja, akazijibu moja moja. Yeye aliyeacha masomo na miaka 13 alifanya kazi ambayo wengi wenye Kilatini hawakuthubutu.

Na jambo la pili: waandishi wa uhuru waliandika sana neno sisi, lakini walipohesabu wale walio ndani ya neno lile, watumwa na wenyeji wa inchi walibaki inje. Kila mara tunapoandika neno sisi, katika gazeti hili ao mahali pengine, tuhesabu vizuri nani tumemuacha inje ya mulango.

Sisi, waandishi wa gazeti la wanafunzi